Tanga dogo, tumbo kubwa

Mpwa wangu alikuwa amekaa upande wa juu wa boti, mgongo wote uko nje juu ya maji, miguu ameikaza chini ya mkanda, na bado upande wa chini ulikuwa unachota maji. Na nilikuwa nimeshapunguza tanga. Hiyo ndo kitu sikuelewa. Dakika tatu hazijaisha tangu nilishushe kidogo, nifunge kona ya mbele, nivute kamba ya nyuma mpaka vidole vikauma, tanga lenyewe nikiliangalia naliona limepungua karibu robo, na boti inalala kuliko venye ilikuwa kabla sijaligusa.

"Anti, si umepunguza?"

Sikumjibu.

Tulikuwa katikati, tumetoka Usoma tunarudi Dunga, pale ukigeuka nyuma unaona ndege inatua na mbele unaona mafunjo. Upepo wa ziwa ulikuwa umetubeba vizuri mchana wote, ule wa kutoka magharibi wenye kila mtu wa Kisumu anaujua, halafu ukazima tu kama stima. Maji yakatulia. Nikaangalia upande wa Nandi na milima haikuwepo, kulikuwa na wingu jeusi limekaa mahali pake. Halafu ukaja ule mwingine kutoka upande wa tambarare ya Kano, wa baridi, unanuka udongo uliolowa.

Usukani ulikuwa unanivuta mkono. Hii nilikuja kuikumbuka baadaye sana. Boti ilikuwa inataka kugeuza pua iangalie upepo, nairudisha, inakataa, nairudisha, mpaka bega likaanza kutetemeka. Nikaachia demani yote, ile kamba inayoshika tanga, tanga likaanza kupiga kelele na bumu, ule mti wa chini ya tanga, inagonga huku na huku juu ya kichwa cha mtoto, nikamwambia alale chini, nikashusha kila kitu. Tukachukua makasia. Tunapiga kasia kwenda Dunga na upepo unatusukuma kwenda mbali na Dunga, na ghuba yetu maji yake ni ya kina kifupi kwa hivo mawimbi yanakuja mafupi, yamesimama, yanafuatana bila kukupa nafasi ya kupumua.

Watu wa omena, wale wavuvi wa dagaa, ndo walituona. Walikuwa wanatoka kwenda kazi ya usiku, taa zimepangwa kwenye boti, wakageuza injini wakatutupia kamba. Hawakutugombeza. Mzee aliyeshika injini aliangalia tanga letu lililorundikana akauliza kitu moja tu.

"Nyara, binti yangu, kama ulikuwa umepunguza, mbona ilikuwa bado inalala?"

Wiki tano hilo swali lilikaa na mimi.

Majibu ya haraka

Kila mtu niliyemuuliza alikuwa na jibu. Upepo ulikuwa mwingi, basi. Boti ni ndogo, futi 14 na watu wawili wepesi. Hilo wingu la Nandi halichezewi. Yote ni kweli na hakuna hata moja linajibu swali la yule mzee, ju hakuuliza kwa nini boti ililala, aliuliza kwa nini ililala *zaidi* baada ya mimi kufanya ile kitu inatakiwa kuizuia isilale.

Kuna usiku nilifikiria kuiuza. Nilikuwa nimeandika hadi tangazo. Nililifuta ju nilifika mahali pa kueleza hali ya boti nikashindwa kuandika ati iko sawa, na nikashindwa kuandika iko na shida gani.

Sister yangu aliuliza mara moja, mbona mtoto alirudi nguo zimelowa hivo. Nikasema mvua. Mvua kweli ilikuwa imenyesha. Lakini nilijua nimemdanganya, na kijana mwenyewe alikuwa amekaa hapo kwa meza akaniangalia halafu akaangalia chakula chake. Jumamosi iliyofuata hakuuliza tunatoka saa ngapi. Na ile nyingine pia hakuuliza.

Hiyo iliniuma kuliko bega.

Nilianza na kamba

Nilishuku kamba kwanza. Nilikuwa nimeinunua Kibuye, nailoni ya milimita 6, ile ile watu wanafungia nanga, nzuri, laini mkononi, bei poa. Nikaifunga kwa tawi la mwembe nyumbani, mita nne, nikaning'iniza mtungi wa lita 20 umejaa maji. Ilirefuka kiganja kizima na mtungi ukawa unachezacheza hapo chini kama uko kwa springi.

Kumbe hiyo ndo kazi ya nailoni. Kwa nanga unaitaka ivutike, wimbi likija kamba inanyoosha inameza ile nguvu, boti haishtuki. Kwa tanga ni kinyume kabisa. Unavuta kona ya nyuma mpaka ikae, unafunga kwa kliti, kile kishikizo cha kamba, upepo unaongeza, kamba inarefuka, kona inapanda na kusogea mbele, tanga linafanya tumbo, na wewe umeshageuza macho kuangalia mawimbi.

Nilifurahi sana hiyo siku. Nilidhani nimemaliza.

Nikaagiza kamba ya poliesta, ile haivutiki sana, kutoka Mombasa, ikaja na basi ya usiku. Urefu nilipiga hesabu polepole safari hii, ju ya kwanza nilikuwa nimeikata kwa kukisia: kamba inatoka kwenye bumu inapanda hadi tundu la kupunguzia kwenye ukingo wa nyuma wa tanga, inapita ndani, inashuka upande wa pili, halafu inakimbia na bumu mpaka karibu na mlingoti. Tanga likiwa juu lote, tundu langu liko sentimita 70 juu ya bumu. Kupanda na kushuka hiyo ni mita 1.4, bumu yenyewe mita 2.4, weka na mita moja ya kushika na ya mafundo. Karibu mita tano. Ukipima tanga likiwa limeshushwa utakata fupi, halafu siku ukipandisha tanga lote kamba inalizuia katikati.

Nikaifunga Jumapili asubuhi pale Dunga, boti iko kwenye nyasi, pua nimeielekeza kwa upepo. Nikapunguza tanga taratibu, kila kitu kwa utaratibu wake. Nikavuta kamba mpya mpaka ikalia. Nikarudi nyuma hatua kumi kuangalia.

Tumbo lilikuwa bado lipo.

Hapo chini kabisa, juu tu ya bumu, tanga lilikuwa limebinuka kama gunia lililotiwa mahindi nusu. Kamba ilikuwa imekaza kama chuma, haikuwa na kosa. Nilikaa kwenye nyasi. Nilihisi kulia, sio ju ya tanga, ju sasa sikuwa na kitu kingine cha kulaumu.

Jaduong' na leso

Kuna jaduong', mzee wa hapo, anashona nyavu chini ya ule mti, kila siku yuko hapo, na nilikuwa nampita kila wiki namsalimia tu. Alikuwa ananiangalia muda wote. Hakuja. Alingoja nimwendee mimi, na nilipoenda nikamweleza yote, hata ile ya watu wa omena ambayo nilikuwa nimeificha.

Alisikiza mpaka mwisho akasema, nipe leso yako.

Akaninyooshea pembe mbili za upande mmoja nizishike, moja juu moja chini, mikono imetanuka. Yeye akashika pembe ya chini ya upande wa pili. Upepo wa asubuhi ulikuwa mdogo tu. Akavuta pembe kwenda chini, kwa nguvu, mpaka mkono wangu ukaenda. Leso ikajaa upepo, ikafanya mfuko. "Nimevuta ama sijavuta?" Umevuta, jaduong'. Halafu bila kuongeza nguvu akarudi nyuma nusu hatua, akavuta chini *na* kuelekea kwake. Mfuko ukaisha. Leso ikanyooka, ikawa inatetemeka tu ukingoni.

"Kamba yako inavuta chini. Nani anavuta nyuma?"

Hakuna mtu alikuwa anavuta nyuma.

Aliniambia hao wenye tanga la pembetatu huku kwetu hawana habari ya kupunguza, upepo ukizidi wanaachia demani ama wanashusha lote wanangoja. Lakini hata kwao, alisema, pembe ya nyuma ikilegea siku ya upepo unajua kabla hujaangalia juu, mkono wa usukani unauma. Nikamwangalia. Sikuwa nimemwambia mambo ya bega.

Ndo nikaelewa ile siku yote kwa mara moja. Nilikuwa nimepunguza ukubwa wa tanga na hapo hapo nimeongeza tumbo lake, na tumbo ndo linakamata upepo. Tena tumbo lilirudi nyuma, na nguvu ikihamia nyuma pua inageuka kuutafuta upepo, ndo maana usukani ulikuwa unanivuta. Boti ilikuwa inaniambia. Nilikuwa nasikia maumivu tu, sikusikia habari.

Mimi nilikuwa nafikiria kupunguza ni kama kulegeza. Upepo ni mwingi, basi tulia, achia kidogo, punguza. Kumbe tanga lililopunguzwa linatakiwa kukazwa kuliko tanga kamili. Dogo na bapa kama ubao.

Sentimita 15

Kosa lilikuwa kapi, kigurudumu cha kupitishia kamba, na kapi niliiweka mimi mwenyewe. Ni ile kapi ndogo inakaa ubavuni mwa bumu, kamba ikishuka kutoka kwa tundu inapita hapo ndo ielekee mbele. Siku ya kuipima hakukuwa na upepo hata kidogo, tanga lilikuwa limening'inia limelala, nikaweka alama chini ya tundu moja kwa moja, nikaona iko sawa. Lakini tanga limelala limesogea mbele. Likinyooshwa tundu linarudi nyuma, na kapi yangu inabaki chini yake au hata mbele yake, sasa kamba itavuta nyuma na nini?

Kapi inatakiwa ikae nyuma ya pale tundu litakapofika tanga likishapunguzwa na kunyooshwa vizuri, ili kamba ishuke kwa mshazari, ivute chini na nyuma kwa pamoja, karibu sawa kwa sawa. Kwangu ilikuwa sentimita 15. Hiyo tu. Upana wa mkono na nusu kati ya mimi na mtoto wa sister yangu kurudi nyumbani wenyewe.

Na lile fundo la upande wa pili, pale kamba inaanzia, nalo lilikuwa na tabia yake. Nilikuwa nimezungusha kamba kwa bumu nikafunga bolini, fundo zuri, halijikazi likakataa kufunguka, lakini kitanzi kizima kilikuwa kinateleza na bumu kwenda mbele kila nikivuta. Fundi anayetengeneza madirisha ya aluminiamu ndo alinisaidia, aliniwekea kikuku kidogo chini ya bumu cha kukizuia kitanzi, na akahamisha kapi kwa riveti mpya, na akaziba matundu ya zamani bila mimi kumwambia. Aliniuliza hiki ni kitu gani. Nikamweleza kwa dakika ishirini. Alikuwa mvumilivu.

Niliporudisha boti kwa upepo na kuvuta, mkunjo mmoja ulitokea, mrefu, umenyooka kutoka kona ya nyuma hadi kona ya mbele, sambamba na bumu. Tumbo hakuna. Nikavuta tena na kuachia, tena na kuachia, labda mara kumi na tano, jaduong' akawa anacheka kule kwa nyavu zake.

Mkono wa kwanza ni wa mbele

Utaratibu nilikuwa naujua kwa kichwa lakini sio kwa mikono, na kichwa hakipo ziwani wakati wingu la Nandi liko juu yako. Achia demani kwanza, na ile kamba inayozuia bumu isiinuke. Shusha kamba ya kupandishia, watu wa Pwani wanaita jarari, mpaka alama. Nimeishonea uzi mwekundu sasa, uzi ukifika kwa kliti nasimama, sina haja ya kuangalia juu. Ingiza tundu la mbele kwa ndoano. Kaza tena jarari mpaka ukingo wa mbele unyooke. *Halafu* ndo uvute ya nyuma. Ukianza na ya nyuma mbele hakujashikwa, uzito wote unaangukia mahali hapajajengwa kuubeba, na kitambaa kinachanika.

Vile vikamba vidogo vya katikati ni vya kukusanya kitambaa kilichobaki tu, vifungwe vimelegea, havibebi kitu. Na wakati wa kurudisha tanga lote unaanza na hivyo kufungua. Hii nilijifunza kwa hasara, pale pale kwenye nyasi, niliachia kamba ya nyuma nikiwa nimesahau kikamba kimoja, na nikasikia sauti ya kitambaa ambayo sitaki kuisikia tena. Tundu moja limechanika sentimita tatu. Nimelishona kwa mkono, na nalifurahia ju lilichanikia nchi kavu.

Dakika kumi

Sasa nifike kwa ile kitu nimekuwa naizunguka.

Kapi ilikuwa na kosa, kamba ilikuwa na kosa. Lakini mimi niliona ule wingu mapema. Niliuona upepo ukizima. Kati ya kuona na kunyanyuka kupunguza tanga zilipita kama dakika kumi, na hizo dakika nazijua vizuri nilizitumia kwa nini. Kijana alikuwa anafurahi, ndo siku ya kwanza nimempa usukani. Na kulikuwa na watu pale ufukweni wa Dunga, Jumamosi jioni, wanakula samaki na kuangalia ziwa, na mimi ni mwanamke kwa boti ya tanga, nikaona nikipunguza tanga na maji yametulia hivi watasema anaogopa.

Hesabu ya upepo haina huruma na hayo. Nguvu haiongezeki sawa na mwendo, inaongezeka kwa mwendo mara mwendo. Chukua noti, kile kipimo cha mwendo wa upepo. Noti 10 mara 10 ni 100. Noti 14 mara 14 ni 196. Yaani upepo umeongezeka noti nne tu, hata nywele hazijui tofauti, na tanga linabeba mara mbili. Ukifika 20 ni mara nne. Kwa hivo ile wakati unajiuliza kama ni mapema, mikono bado inaweza kufanya kazi, bumu bado imetulia, mtoto bado anasikia ukiongea kwa sauti ya kawaida. Ukingoja mpaka huna shaka, hizo zote zimeondoka.

Nilimwambia sister yangu ukweli wiki ya nne. Nilimpigia nikamwambia nakuja, nikaenda, nikamweleza yote, wingu, dakika kumi, watu wa omena. Alinyamaza muda mrefu. Akasema hatatoka tena na wewe mpaka nione hiyo kamba kwa macho yangu. Akaja Dunga na viatu vya kanisani, nikampunguzia tanga kwenye nyasi mara tatu. Mara ya nne akasema wacha yeye afanye. Akamwita kijana.

Alivuta vibaya mara ya kwanza. Mara ya pili akapata mkunjo.

Jumamosi

Tulitoka saa nane mchana, jaketi za kuelea tumevaa zote mbili, upepo wa ziwa ukiwa mzuri. Hatukuenda mbali, kuzunguka Hippo Point na kurudi. Hakuongea sana mwanzoni. Alikuwa ameshika ile kamba ya kupunguzia kwa mkono hata kama haina kazi, anaipitisha kati ya vidole.

Karibu saa kumi aliangalia mashariki. Milima ilikuwa bado inaonekana, lakini juu yake kulikuwa kunakuwa zito, na mbali kwa maji upande wa Kano kulikuwa na mstari mweusi mwembamba, ule wa upepo ukigusa ziwa.

"Anti, tupunguze?"

Maji yetu yalikuwa yametulia. Pale ufukweni watu walikuwa wanakula samaki.

"Tupunguze."

Akaachia demani. Nikashusha mpaka uzi mwekundu, nikaingiza ndoano, nikakaza. "Vuta," nikamwambia, na akavuta huku anahesabu kwa sauti ya chini, achiel, ariyo, adek, ang'wen, kamba ikalia kidogo kwenye kapi, na mkunjo ukatokea, mmoja, umenyooka. Akafunga kwa kliti. Akaukagua kwa kidole.

Halafu tukakaa upande wa juu, wote wawili, tukaungoja upepo.